Somo: Paka anaumwa, lini umkimbize kwa daktari wa mifugo?

Paka huficha maumivu. Mbwa atalia, paka atajibanza mvunguni akae kimya. Ukiona dagaa wanakaangwa na paka wako hatokei jikoni, usiseme amechoka. Mkague hivi.

1. Hesabu pumzi. Akiwa amelala, tazama ubavu unavyopanda na kushuka kwa nusu dakika, kisha zidisha mara mbili. Kawaida ni 15 hadi 30 kwa dakika. Zikizidi 40 naye ametulia, au akihema mdomo wazi, mpeleke sasa hivi.

2. Inua mdomo wa juu, tazama ufizi. Wa paka mwenye afya ni wa waridi na una unyevu. Mweupe, wa manjano, wa bluu au wa hudhurungi, yote ni safari ya leo leo.

3. Chakula. Akipitisha saa 24 bila kula, mpigie daktari. Paka, hasa mnene, akishinda njaa siku kadhaa, mafuta ya mwili hujaa kwenye ini na kumletea ugonjwa mwingine. Mtoto wa paka anayetapika na kuhara hasubiri hata hizo saa 24.

4. Mkojo. Hapa naomba msome taratibu, hasa wenye madume. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba, na huzibwa na ute au chembe kama mchanga. Utamwona anachuchumaa, anajikamua, anaondoka. Baada ya dakika mbili karudi palepale, anajilamba nyuma bila kukoma. Wangu alianza hivyo magharibi, nikadhani ni choo kigumu. Alfajiri nilimpapasa tumbo nikakuta kibofu kigumu kama ndimu, na alishaanza kutapika. Daktari alimpitishia mpira mwembamba, mkojo ukatoka mwekundu. Alipona, lakini usiku ule bado unaniuma. Akiziba kabisa anaweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu. Na usimminye tumbo, kibofu kinaweza kupasuka.

5. Usimpe Panadol. Hata nusu kidonge inaweza kumuua, kwa kuwa ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo. Kama ameshapewa, nenda bila kungoja dalili, na pakiti uichukue.

Maswali ya wanachama

Swali: Dada, wangu katapika manyoya asubuhi, sasa anacheza na kula. Niende?
Jibu: Hapana, mwangalie tu. Akirudia mara kwa mara, au ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, nenda. Uzi usiuvute, utamkata utumbo.

Swali: Ana viroboto. Naweza kumpaka dawa ya mbwa iliyobaki?
Jibu: Tafadhali usimpake. Nyingi zina pamethrini, ambayo ni sumu kwa paka. Humtetemesha hadi kifafa. Omba ya paka, na umwambie muuzaji uzito wake.

Swali: Huku kwetu yupo bwana mifugo wa ng'ombe tu. Atanisaidia?
Jibu: Mwite. Mweleze alikula lini, alikojoa lini, ufizi una rangi gani. Kama kazi inamzidi, atakuelekeza kwa mwenzake mjini. Paka msafirishe kwenye kikapu chenye kifuniko, umtandikie khanga yenye harufu ya nyumbani.

Swali: Wangu kageuka mkali ghafla, anadondosha mate, na kaning'ata mkono.
Jibu: Ndugu yangu, anza na wewe. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali leo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Paka mfungie chumbani bila kumshika, umwite daktari aje hapo.