Akaunti zako za zamani bado zipo hai

Wakuu, kama una imeili moja tangu enzi za chuo hebu tenga nusu saa leo. Fungua Gmail, pale pa kutafuta andika "welcome", ukimaliza andika "verify your email" halafu "password reset", utashangaa. Mi nimekuta saiti ya ajira niliyojiunga nikitafuta kazi, nimeshaisahau kabisa, kumbe sivii yangu bado imekaa mle na namba ya simu, jina la mtaa na kopi ya kitambulisho juu 😩

Pia ingia passwords.google.com, zile paswedi ulizokuwa unabonyeza "save" bila kusoma zote ziko pale, na kwenye mipangilio ya akaunti ya Google kuna sehemu inaonyesha app zote ulizoingia kwa kutumia Google, za magemu ndo zimejaa, futa tu. Ukitaka kujua imeili yako imevuja wapi, iandike kwenye saiti ya Have I Been Pwned inayoonyesha imeili zilizovuja, bure, ipo tangu 2013.

Sasa kufuta app kwenye simu sio kufuta akaunti, hapa wengi tunajidanganya. Ingia, toa picha na kadi ya benki, badilisha jina na namba uweke za uongo, ndo utafute "delete account" (huwa wanaificha chini kabisa). Ikigoma waandikie sapoti. Ila usianze kufuta imeili yenyewe, paswedi mpya za hizo akaunti utazipokelea wapi?