Njuka wasipokewe kwa hotuba

Mimi ni mwalimu wa malezi katika shule ya kata huku juu Newala, mkoani Mtwara, na kila Januari kazi ya kupokea njuka, yaani wanafunzi wapya wa kidato cha kwanza, huangukia mezani kwangu. Walimu wanaopewa jukumu hili kwa mara ya kwanza hunionyesha ratiba zao ili nizipitie. Nyingi zinafanana: mkuu wa shule, mwenyekiti wa bodi, diwani, mtendaji wa kata, halafu sheria za shule zinasomwa zote juani. Futeni. Mtoto aliyemaliza la saba juzi hana haja ya kumjua diwani. Anataka kujua choo kiko wapi, maji anakunywa wapi, na akichelewa kuhesabiwa namba asubuhi atafanywa nini.

Siku mbili zinatosha: Alhamisi na Ijumaa, kabla shule haijafunguliwa Jumatatu. Waiteni wakati wanafunzi wengine bado wako nyumbani, ili mgeni aweze kupotea njia kidogo bila ya mtu kumcheka. Ijumaa mmalize mapema, watu wawahi swala.

Taarifa ianze kutoka Desemba, majina ya waliochaguliwa yakishatoka. Kubandika tangazo kwenye mbao za shule peke yake ni kujidanganya. Wapeni watendaji wa vijiji, ombeni litangazwe msikitini na kanisani, na msisahau chama cha msingi cha ushirika. Mzazi ambaye hajakanyaga shuleni mwaka mzima utamkuta pale anaulizia malipo ya korosho, na huo ndio wakati mzuri wa kumkumbusha daftari, pesa ikiwa bado iko mkononi. Tangazo liwe fupi. Kwa siku hizo mbili mtoto aje na kauntabuku moja, kalamu na kidumu cha maji cha lita 5. Kisha andikeni kwa herufi kubwa kwamba aje hata kama sare haijawa tayari. Serikali imeshaelekeza kwamba mtoto asizuiwe kuanza shule kwa kukosa sare, lakini wazazi wengi bado wanaogopa, wanamficha mtoto nyumbani huku kitambaa kimekaa kwa fundi cherehani ambaye Januari hashikiki.

Wenyeji wa kuwatembeza wageni wachaguliwe kutoka kwa wale wanaoingia kidato cha pili. Msichukue wa kidato cha nne. Hao akili yao iko kwenye mtihani, na baadhi yao ndio wanaowatuma njuka maji na kuwaimbisha nyuma ya madarasa. Wa kidato cha pili bado anakumbuka alivyotetemeka mwaka jana. Mpe kila mmoja wageni kama kumi na umwambie wazi kwamba hao ni wadogo zake hadi Pasaka. Mtoto akionewa, huyo ndiye wa kwanza kuulizwa.

Sasa watembee. Lango, ofisi, jikoni, vyoo, tenki. Kwenye vyoo vya wasichana aende mwalimu wa kike, awaonyeshe maji yanapowekwa, taulo za kike zinakotunzwa na kwa nani wanaziomba, na zilizotumika zinatupwa wapi. Haya msiyaache yasemwe kwa mafumbo. Kuna msichana ambaye atakaa nyumbani siku nne kila mwezi kwa sababu tu hakuna aliyemwonyesha ndoo.

Kwenye tenki simameni zaidi kidogo. Uwanda wetu wa Makonde hauna mito. Mvua inazama mchangani na maji ya bomba hupandishwa kwa pampu kutoka bondeni. Pampu ikisimama, tenki nalo linakauka. Mtoto akilielewa hilo, hataona kidumu cha lita 5 kuwa ni adhabu.

Halafu kengele. Ya kwetu ni rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mkorosho nyuma ya ofisi. Mpe mtoto mmoja kile chuma apige mwenyewe: pigo moja moja la taratibu ni kubadilisha kipindi, ya haraka mfululizo ni mstarini. Rudieni huku wengine wakikimbilia mahali panapotakiwa. Hapo ndipo kicheko cha kwanza hutoka, na mkishakipata, shughuli nyingine huwa nyepesi.

Kiingereza kinawatisha kuliko fimbo. Wengi wametoka shule za msingi ambako kila kitu kilikuwa Kiswahili, na kozi ya maandalizi ya wiki za mwanzo haiondoi hofu hiyo kwa siku moja. Mwalimu wa Kiingereza aiweke sarufi kando. Awafundishe sentensi chache za kuombea: kutoka nje, kurudiwa maelezo, kusema sijaelewa. Wazisome kwa kuigiza, mmoja mwalimu, mwingine mwanafunzi aliyebanwa na haja. Kisha bandikeni ukutani ratiba halisi yenye majina ya masomo watakayoyakuta, muwaeleze kwamba kipindi ni dakika 40 na kila somo lina mwalimu wake. Wakisikia kwamba Historia ya Tanzania na Maadili inafundishwa kwa Kiswahili, utaona mabega yanashuka.

Kuna jambo ambalo miongozo ya mapokezi hupita mbali nalo. Likizo ya Desemba huku kwetu ni msimu wa ngoma. Msichana aliyechezwa unyago wiki chache zilizopita ameambiwa sasa ni mtu mzima; halafu anakuja kwetu, anapangwa mstari na kukaguliwa kucha. Mila zake zisidharauliwe mbele za watu, mtampoteza. Watengeni wasichana na mwalimu wa kike, wavulana na wa kiume, mzungumze kwa staha ya watu mnaoheshimiana, lakini mseme. Hakuna bodaboda anayetoa lifti ya bure kila siku. Na anayepanga geto kwa sababu nyumbani ni mbali, mwalimu ajue ni chumba gani na mwenye nyumba ni nani.

Ijumaa ni ya wazazi, nayo iwe ya meza. Walimu wa madarasa wakae, mzazi mmoja mmoja apite na mtoto wake. Muulizeni mtoto anaishi na nani, anatembea umbali gani, na kama msimu huu wa kilimo wazazi wanahamia shambani kulinda mazao. Januari nyumba nyingi hubaki na bibi na wajukuu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mama yake yuko shamba. Mwenye mtoto ni mimi."

"Simu unayo?"

"Ya jirani."

Andika namba ya jirani, na jina la huyo jirani. Ndiyo namba itakayopokelewa siku mtoto akiugua.

Suala la chakula lisemwe hapo hapo mezani, kiasi cha mahindi na maharage kama kikao cha wazazi kilivyokubaliana, na lisichanganywe na ada. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa tangu 2016, na mzazi akisikia neno mchango bila maelezo anaondoka akijua mmeirudisha kwa mlango wa nyuma.

Jumatatu shule ikifunguliwa, linganisheni orodha ya waliochaguliwa na ya waliofika. Majina yaliyobaki yaende kwa watendaji wa vijiji siku hiyo hiyo, msingoje mwisho wa mwezi. Wengine watajitokeza wiki ya pili, wengine Februari. Kwa hao, kila Jumatatu baada ya vipindi, wenyeji wale wale wawatembeze upya: lango, ofisi, jikoni, vyoo, tenki, na wapige kengele.