Odisheni (usaili wa waigizaji) ya myuzikali yenye tapu, jinsi ya kujiandaa kama wewe si mchezaji

Kama unaishi Marekani au Uingereza utakuwa umeshaona matangazo ya vikundi vya maigizo vya mtaani wanatafuta watu wa myuzikali, ile michezo ya jukwaani ambayo mtu anaongea mara kaanza kuimba mara wote wanacheza, halafu chini kabisa wameandika kutakuwa na tapu, ile dansi ya viatu vyenye vyuma. Wengi tunaishia hapo. Mi nasema nenda tu. Hivi vikundi ni vya watu wa kawaida, mwalimu, nesi, fundi bomba, wengi hawalipwi hata senti, na kwenye kundi la wachezaji huwa wanahangaika kupata watu, hasa wanaume. Mwanaume anayejua tapu kidogo na anafika kwa wakati wanamgombania.

Na usiniambie hiyo ni ngoma ya wazungu. Tapu imetoka kwa Wamarekani weusi, ikachanganyika na dansi za Waairishi, na kati ya majina ya mwanzo kabisa yupo William Henry Lane, kijana mweusi aliyewika New York miaka ya 1840 wakimwita Master Juba. Tarehe 25 Mei, siku aliyozaliwa Bill "Bojangles" Robinson, mchezaji tapu mweusi maarufu, ni siku ya tapu kitaifa Marekani tangu 1989, na kuna studio zinaweka madarasa ya bei poa karibu na siku hiyo, zivizie.

Kwanza uliza ni mchezo gani. 42nd Street iliyofika Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, 1980 ni tapu toka dakika ya kwanza, pazia linapanda kidogo linasimama kwenye magoti unaona miguu tu inapiga, sasa hapo kundi zima lazima licheze. Michezo mingine tapu ni wimbo mmoja au miwili na wengine wanaimba tu pembeni. Ukijua hilo unajua ujiandae kiasi gani.

Viatu nunua mtumba, vya kamba vya ngozi, na shika bisibisi uangalie skrubu za vile vyuma, ikichomoza inachana sakafu ya watu na watakuchukia kabla hujacheza. Usivivae barabarani. Kama huna kabisa uliza mapema, sehemu nyingi wanakubali viatu vya ngozi vyenye soli ngumu, ila raba hapana, raba inang'ang'ania sakafu na haitoi sauti.

Mazoezi usifanyie kwenye zege wala vigae, utaumia mifupa ya mbele ya mguu wiki ya kwanza tu. Tafuta kipande cha plaiwudi, futi nne kwa nne kinatosha, na kama unakaa ghorofani weka zulia nene chini yake au fanya na soksi, majirani nao wana haki zao. Hatua za kuanza nazo ni chache. Shafo, unapangusa sakafu na sehemu ya mbele ya wayo kwenda na kurudi, sauti mbili. Flapu, unapangusa kwenda mbele halafu unakanyaga hapo hapo, sauti mbili pia. Bol-chenji, unahamisha uzito haraka toka mguu mmoja kwenda mwingine. Halafu taim-stepu, mtiririko mfupi wa hatua unaorudiwarudiwa, na hii iangalie vizuri maana kwa kawaida inaanzia kwenye hesabu ya nane, sio ya moja, na wageni wengi wanapotelea hapo.

Sasa siku yenyewe. Mwalimu wa dansi atawafundisha kipande kifupi, labda hesabu nane mara nne, anakimbiza kweli kweli, halafu mnaitwa watu watatu watatu au wanne mnacheza mbele ya meza ya wanaochagua. Simama mstari wa pili, wa kwanza huna wa kumwangalia na wa mwisho huoni kitu. Shika miguu kwanza, mikono itakuja. Na kitu kikubwa kuliko vyote ambacho watu hawakwambii: jua uzito wako uko mguu gani. Basi. Ukikosa shafo lakini ukakanyaga mguu wa kulia wakati wenzako wanakanyaga wa kulia, bado uko nao na mezani wengi hata hawatagundua, ila ukikazana kutoa kila sauti halafu uzito ukabaki mguu mwingine, hatua inayofuata yote inaenda kinyume na unagongana na jirani. Kwa hiyo ikikushinda punguza sauti, baki na zile hatua za kukanyaga, tabasamu, subiri hesabu ya moja inayofuata uingie. Kule wanaangalia nani anashika haraka na nani hagandi akikosea. Mwalimu akiwaambia mistari ibadilishane, wa nyuma waje mbele, nenda mbele, usijifanye unafunga kamba.

Kuimba wengi wetu tumetoka kwaya kwa hiyo sauti ipo, tatizo ni karatasi. Zile nota za solfa, do re mi tulizosomea, mpiga piano wa kule usitegemee kama atazijua, mpelekee nota za mistari mitano zilizo kwenye ufunguo unaouweza, kwenye faili la pete, umeweka alama wapi pa kuanza na wapi pa kuishia. Wakisema baa 16, yaani vile vipande vya mapigo vinavyotengwa na mistari ya wima kwenye nota, ni baa 16, usiimbe wimbo mzima. Msalimie, muimbie polepole mstari mmoja ajue spidi, na usimpigie vidole, ni dharau. Chagua wimbo wa mtindo na enzi ya mchezo wao, sio wimbo kutoka mchezo wenyewe labda waseme wenyewe.

Mwisho kuna fomu wanauliza siku gani huwezi. Sema ukweli wote, shifti za usiku, harusi ya binamu, mkesha wa kanisa, kila kitu. Siku moja moja za mazoezi wanaweza kukuruhusu, ila wiki ya mwisho kabla ya onyesho, ya taa na mavazi, hiyo hamna ruhusa, kwa hiyo ongea na bosi wako wa kazini kabla hata hujaenda odisheni. Usipoitwa raundi ya pili usinune bado, mara nyingi raundi hiyo ni ya wahusika wakubwa tu na watu wa kundi wanachukuliwa moja kwa moja. Majibu yanakuja kwa imeli, angalia mpaka kwenye spamu, na hata kama nafasi waliyokupa huitaki wajibu siku hiyo hiyo wampe mwingine.