Jinsi ya kuisikiliza Winelight ya Grover Washington Jr.

Albamu ya Winelight ilirekodiwa New York mwaka 1980, ikatoka mwaka huohuo, na mwaka 1982 ikampatia mpiga saksafoni Grover Washington Jr. tuzo ya Grammy upande wa jazi mchanganyiko (jazz fusion). Ni muziki wa taratibu, na utaratibu huo ndio unaowaponza wasikilizaji: wanaifungulia huku wakipiga soga, saksafoni inapita juu juu, na kazi kubwa iliyofanyika chini yake haisikiki. Nyimbo ni 6 tu. Tenga dakika 40 kwa kila mzunguko wa kusikiliza.

Kwanza vifaa. Spika ya simu haifai kabisa. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na kispika kile kidogo hakina uwezo wa kuutoa mtetemo huo. Hedifoni za waya za bei ya kawaida zinatosha. Ukiwa na spika mbili, zipange ili wewe na hizo spika mfanye pembetatu ya pande sawa, tuseme mita 2 kila upande. Ziwe usawa wa masikio na zikae angalau sentimita 30 kutoka ukutani, kwa sababu zikibanwa kwenye kona besi huvuma na kumeza ngoma. Besi ikiwa nyembamba na saksafoni haieleweki inatokea wapi, kagua nyaya kwa nyuma: huenda nyekundu na nyeusi zimebadilishana kwenye spika moja. Hapo moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na sauti nene zinafutana.

Kwenye programu ya muziki, zima kiongeza besi, na zima pia ule mpangilio unaoingiza wimbo unaofuata kabla huu haujaisha. Sauti iwe ya kiasi, mtu aliye karibu aweze kuongea bila kuipaza yake.

Mzunguko wa kwanza, sikiliza yote kwa mfuatano wake bila kuruka. Mzunguko wa pili, isahau saksafoni. Mshike Marcus Miller kwenye besi: mara anapapasa nyuzi kwa vidole, mara anazigonga kwa dole gumba na kuzivuta zilie. Kisha hamia kwa Steve Gadd kwenye ngoma, usikilize vile vipigo vidogo mno vilivyo katikati ya vipigo vikubwa. Ukivikosa, sauti yako iko chini mno au kuna feni inayovuma chumbani. Kinanda cha umeme cha Richard Tee na gitaa la Eric Gale vitajitokeza vyenyewe ukishawazoea hawa wawili.

Wimbo wa 5, Just the Two of Us, ndio unaojulikana zaidi, nao ndio wenye mtego. Hakikisha umepata toleo la albamu, lenye zaidi ya dakika 7. Lile la redio halifiki dakika 4, na sehemu kubwa ya kilichokatwa ni upigaji wa ala. Bill Withers anapoimba, hesabu mapigo moja hadi nane: besi inaanza kwenye noti moja, inashuka nusu hatua, yaani hadi noti ya jirani kabisa, inaruka kwenda makao yake, noti ambayo wimbo hutulia, halafu inajiandaa kurudi ilikoanzia. Mzunguko huo unabeba sehemu kubwa ya wimbo, na ukishauhesabu mara tatu utaujua kwa mwili. Baadaye inaingia sauti ya chuma inayong'aa, ambayo unaweza kudhani ni kinanda. Ni ngoma ya chuma ya Trinidad, na anayeipiga ni Robert Greenidge, mzaliwa wa kisiwa hichohicho.

Mzunguko wa tatu ni wa Grover mwenyewe. Katika albamu hii anapiga saksafoni za aina tatu: soprano, alto na tenor. Soprano ni nyembamba na inalia kama zumari, tenor ni nzito na ya kifuani, alto iko katikati. Kila wimbo ukianza, taja ni ipi kabla hujaangalia popote. Sikiliza anapovuta pumzi na pale anapoacha kupiga, kwani nafasi hizo ndizo Miller na Gadd wanazojaza.

Ukiwa na santuri, izungushe kwa kasi ya 33, yaani mizunguko 33 hivi kwa dakika, na ujue kwamba upande wa kwanza unaishia baada ya wimbo wa 3. Igeuze palepale, usiende kuchemsha chai.