Somo: Jinsi ya kukagua ubora wa makala ya kamusi elezo kuhusu kimbunga

Somo hili ni la wahariri wa kujitolea wa Mbeya, Njombe na Iringa wanaosaidia Wikipedia ya Kiswahili. Sisi wa nyanda za juu kimbunga tunakifahamu kwa taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kuliko kwa macho, kwa kuwa kikiingia nchi kavu hukosa maji ya bahari yenye joto yanayokipa nguvu na hufifia kabla ya kupanda huku. Mkaguzi wa huku hawezi kusema kwamba alikuwepo, na pengine ni heri, kwani hulazimika kuuliza kila sentensi imetoka wapi. Mfano wetu ni Kimbunga Idai cha mwaka 2019.

Hatua ya kwanza. Soma makala yote bila kuhariri chochote, kisha fungua historia yake na ukurasa wa majadiliano. Makala za vimbunga huandikwa kwa haraka wakati habari bado ni moto, halafu huachwa. Ukikuta mabadiliko mengi ya wiki moja na kimya baada ya hapo, fahamu kwamba takwimu zake huenda ni za siku za mwanzo.

Hatua ya pili. Chora njia ya kimbunga kwenye karatasi, ukiandika tarehe pembeni. Idai kilianza mapema Machi kama mgandamizo mdogo wa hewa, kikaingia nchi kavu na kuleta mafuriko Msumbiji na Malawi, kikarudi kwenye Mlango-bahari wa Msumbiji, kikapata nguvu, ndipo kikapiga karibu na Beira, jiji la pwani ya Msumbiji, usiku wa kuamkia 15 Machi. Makala inayosimulia kwamba kilitoka Beira ndipo kikaenda kuua watu Malawi imegeuza mpangilio, kwa sababu sehemu kubwa ya maafa ya Malawi ilitangulia. Angalia pia ramani: walioathirika zaidi huko ni watu wa kusini, kama Nsanje na Chikwawa, si wa Karonga inayopakana na Kyela yetu.

Hapo hapo kagua saa. Vituo vya hali ya hewa huandika kwa saa za kimataifa. Beira iko mbele kwa saa 2 na Mbeya kwa saa 3. Tukio lililoandikwa 22:00 ya tarehe 14 ni saa 6 usiku kwa mtu wa Beira na saa 7 usiku kwetu, nalo limeshaingia tarehe 15. Vyanzo viwili vinaweza kutofautiana tarehe na vyote vikawa sahihi.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha ukaguzi: kila namba ya upepo lazima iwe na mwenyewe. Kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi kituo rasmi ni cha Météo-France kilichopo kisiwani La Réunion, nacho hutumia wastani wa upepo wa dakika 10. Wamarekani hutumia dakika 1, na kwa kimbunga kilekile namba yao kwa kawaida huwa kubwa zaidi. Kwa kipimo cha La Réunion, Idai kilifikia kilomita 195 kwa saa. Makala isiyosema ni kipimo cha nani haijakamilika, hata kama namba yenyewe ni sahihi. Isitoshe, huo ulikuwa upepo wa kileleni; kimbunga kilikuwa kimepungua nguvu kidogo kilipofika pwani, kwa hiyo sentensi isemayo kwamba Beira ilipigwa kwa kilomita 195 irekebishwe. Chanzo kikitumia noti, yaani maili za baharini kwa saa, zidisha kwa 1.852 wewe mwenyewe: noti 105 ni takriban kilomita 195.

Kuwa macho pia na madaraja. Kuanzia kilomita 118 kwa saa La Réunion hukiita kimbunga cha kitropiki, na kuanzia 166 kimbunga kikali, wakati ile ngazi ya 1 hadi 5 ni ya Wamarekani. Mwandishi akizichanganya ndani ya aya moja, msomaji hupotea.

Hatua ya nne. Idadi ya waliofariki ikaguliwe peke yake, tena kwa heshima. Tarehe 18 Machi 2019 Rais Filipe Nyusi alisema kwamba huenda watu zaidi ya 1,000 wamekufa Msumbiji, ilhali waliothibitishwa siku hiyo walikuwa 84. Baadaye hesabu rasmi ya nchi hiyo ilipita 600. Namba zote tatu ni za kweli, ila moja ni makadirio, nyingine ni hesabu ya siku ile na ya mwisho ni ya baadaye. Angalia kama makala imejumlisha Msumbiji, Zimbabwe na Malawi bila kusema, na kama waliofariki kwa kipindupindu kilichofuata wamehesabiwa.

Hatua ya tano. Fungua tanbihi zenyewe. Kiungo kilichokufa kitafutiwe nakala kwenye hifadhi ya mtandao. Gazeti lililonakili kamusi elezo haliwezi kuwa shahidi wa kamusi elezo hiyohiyo.

Baada ya hayo ndipo utoe daraja. Makala yenye njia ya kimbunga peke yake, bila maandalizi, madhara wala ujenzi mpya, mimi siipi daraja la juu hata ikiwa na tanbihi hamsini.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Makambako:* Mwalimu, shikamoo. Vyanzo viwili vya kuaminika vikitofautiana idadi ya vifo, nichukue wastani?

Marahaba. Hapana, kwani wastani huo utakuwa namba ambayo hakuna aliyewahi kuitoa. Andika zote mbili, kila moja na aliyeitoa na tarehe yake.

*Mwanachama wa Tukuyu:* Nimetumiwa picha ya kimbunga kwenye kundi la WhatsApp. Naweza kuipandisha?

Usiipandishe, kwa kuwa hujui mwenye haki zake. Picha za setilaiti za NASA kwa kawaida ni mali ya umma na zinatosha. Hata hizo zikague: vimbunga vya kusini mwa ikweta huzunguka kama mishale ya saa, hivyo mawingu yakizunguka kinyume, picha ni ya kaskazini au imegeuzwa.

*Mwanachama wa Iringa:* Nimekuta sentensi isemayo kwamba Hidaya cha Mei 2024 ni kimbunga cha kwanza kufika Tanzania.

Iondoe. Zanzibar ilipigwa mwaka 1872 na Lindi mwaka 1952. Neno "cha kwanza" lihojiwe kila mara. Wengi humaanisha cha kwanza wanachokikumbuka wao.

*Mwanachama wa Kyela:* Sentensi isiyo na chanzo niifute papo hapo?

Kama ni ya vifo, au inamlaumu mtu au taasisi, ifute na uihamishie kwenye ukurasa wa majadiliano ukieleza sababu. Kama ni ya kawaida, kwa mfano kwamba mvua ilinyesha siku mbili, weka alama ya kuomba chanzo na umpe aliyeiandika muda wa kujibu.