Kupiga picha Nairobi Safari Walk bila waya kuonekana

Picha nyingi zinazopigwa Nairobi Safari Walk, njia ya miguu ya kutazama wanyama, na pale jirani yake Nairobi Animal Orphanage, makao ya wanyama yatima, kwenye lango kuu la Mbuga ya Taifa ya Nairobi, barabara ya Lang'ata, huharibiwa na waya wa ua. Duma anatoka ukungu, waya unatoka safi kabisa. Watu hulaumu kamera, lakini mara nyingi kosa ni pale mpigaji aliposimama na namna alivyoiweka lenzi.

Hesabu yake ni rahisi. Gawa urefu wa fokasi wa lenzi (zile milimita ulizoivuta, si urefu wa chombo chenyewe) kwa namba ya f, ile inayopanua au kubana tundu la lenzi, upate upana wa tundu hilo linaloingiza mwanga. Milimita 200 kwa f/4 ni tundu la milimita 50. Waya wa milimita 3 ukiwa karibu na tundu pana hivyo hauna la kuzuia: mwanga kutoka kwa mnyama unapita pande zote mbili na waya unayeyuka. Ukifunga lenzi hadi f/16, tundu linabaki milimita 12 na ushei, na waya unarudi kama michirizi ya kijivu. Lenzi ya milimita 18-55 inayouzwa pamoja na kamera, hata ukiivuta hadi mwisho kwa f/5.6, inakupa milimita 10 tu. Afadhali uazime ya 55-250 au 70-300, uivute hadi mwisho, na uchague namba ndogo kabisa ya f inayokubali.

Kisha sogea. Lenzi iukaribie waya kadiri kizuizi cha wageni kinavyoruhusu, na usinyooshe mkono kupita kizuizi hicho. Ukucha wa chui unapita tundu la waya kwa urahisi. Mnyama naye asiwe ameegemea ua. Akiwa mita 5 au zaidi nyuma ya waya, kazi ni nyepesi. Akiwa nusu mita, subiri aondoke, maana hapo hakuna lenzi itakayokuokoa.

Waya uliopigwa na jua ni balaa nyingine. Hata usipoonekana, unamwaga mng'ao mweupe juu ya picha nzima na rangi zinafifia. Tafuta sehemu ya ua iliyo kivulini, au mwenzako aufunike kwa mwavuli au leso upande wa jua. Mbele ya kioo, bana lenzi kwenye kioo chenyewe kwa kofia ya mpira, au izungushie kitambaa cheusi, la sivyo utapiga picha ya fulana yako.

Fokasi ya kujitegemea hupenda kushika waya kwa kuwa ndio ulio karibu. Weka alama moja tu ya fokasi, ndogo, uilenge kwenye jicho kupitia katikati ya tundu la waya. Ikikataa, izime na uzungushe pete ya fokasi ya lenzi kwa mkono.

Wenye simu wana kazi tofauti. Tundu la lenzi ya simu ni la milimita chache tu, kwa hiyo waya unaweza kuliziba karibu lote. Dawa ni kuipitisha lenzi ndani ya tundu la ua, pale tu unaporuhusiwa kufika. Lakini lenzi ipi? Simu hubadilisha lenzi yenyewe, hasa kitu kikiwa karibu. Funika kila moja kwa kidole. Ile inayofanya skrini iwe nyeusi ndiyo inayotumika. Zima hali ya kutia ukungu nyuma ya mnyama, kwa sababu programu huchanganya waya na masharubu.

Njia ya mbao iliyoinuliwa ya Safari Walk inakupa mandhari, lakini ina hila zake. Mbao hutikisika kundi la wanafunzi likipita, hivyo usiegemee reli wakati huo. Kwa milimita 300 anza na kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde. Mnyama akitembea kwa haraka, 1/1000. Acha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande hadi 3200, kwani chembechembe zinavumilika kuliko ukungu. Ukipiga kutoka juu mnyama anaonekana mfupi wa miguu, basi chuchumaa, au mchague aliye mbali zaidi ili pembe ya kutazama ishuke.

Nairobi iko karibu na ikweta, na kufikia saa tano jua limeshakaribia kukaa juu ya kichwa: macho ya simba yanabaki mashimo meusi chini ya paji. Nenda mapema mara lango likifunguliwa, au baada ya saa kumi. Siku za mawingu za Juni hadi Agosti, ambazo wengi huzikwepa, ni bora zaidi kwa swala bongo na chui, kwa sababu hakuna madoa ya jua yanayopita kwenye majani na kuchanganyika na mistari au madoa ya ngozi. Nyati ukimjaza kwenye fremu, punguza mwanga kwa 0.7 hadi 1 kwenye kipimo cha +/- cha kamera, maana kamera ikiona weusi mwingi humfanya kijivu.

Flashi iache imezimwa. Inamsumbua mnyama, na isitoshe inawaka kwenye waya wenyewe.

Nyumbani, picha yenye mng'ao ongeza kontrasti na ushushe sehemu nyeusi, nyingi hupona. Ile ambayo waya umekatiza jicho, ifute. Programu itakuchorea jicho ambalo mnyama huyo hana.