Jinsi ya kusoma magonjwa ya ngozi ukamaliza pepa bila sapu (mtihani wa marudio)

Wadau wa CO (tabibu), nesi na nyie wengine ambao semista inawaishia, kuna hii topiki ya ngozi watu huwa wanaisogeza mpaka wiki ya mwisho kwasababu kwenye notsi inaonekana fupi, alafu pepa ikija unakuta swali linasema mtoto wa miaka 6 kaletwa na mama yake, kichwani ana mabaka, nywele zimekatika na kuna magamba, taja ugonjwa na dawa, na wewe kichwani umejaza picha za kwenye simu tu. Pepa ya kuandika mara nyingi haina picha, ina maneno. Kwahiyo mi nashauri kabla hujagusa jina la ugonjwa wowote, jifunze kwanza kuelezea unachokiona.

Maneno yenyewe hayazidi kumi. Makula ni doa bapa, ukipitisha kidole husikii kitu, likizidi sentimita 1 wanaliita pachi. Papula imeinuka na iko chini ya sentimita 1, ikitanuka ikawa bapa juu ni plaki, ikiwa ngumu na imezama ndani ni nodula. Yenye maji ndogo ni vesikula, kubwa ni bula, yenye usaha ni pustula. Kuna vitabu vinakatia nusu sentimita badala ya 1, usibishane, fuata alichofundisha mwalimu wako maana ndo anayesahihisha. Ukishayashika fanya zoezi kwa watu, hosteli imejaa chunusi, makovu na fangasi za miguu, mwombe mwenzako akuonyeshe, alafu eleza kwa sentensi moja: iko wapi, kubwa kiasi gani, rangi gani, imeinuka au bapa, ina magamba au maji, imejipangaje. Ukiweza hiyo sentensi swali la pepa ni hiyohiyo imegeuzwa.

Anatomia usiikalie sana. Epidermisi (ngozi ya juu) ina tabaka 4, viganjani na nyayoni zinakuwa 5 kwasababu ya stratum lucidum, melanosaiti (seli za rangi) ziko tabaka la chini kabisa. Faida yake utaiona kwenye bula za magonjwa mawili ya malengelenge: ya pemfigasi inatokea ndani ya epidermisi kwahiyo ukuta wake mwembamba na inapasuka kirahisi, ya pemfigoidi iko chini ya epidermisi nzima ndo maana inakaa imejaa imebana. Ukielewa hapo huna haja ya kukariri.

Sasa magonjwa yenyewe usiyasome kwa mpangilio wa madesa (bakteria, virusi, fangasi…) maana mgonjwa haji akasema nina bakteria. Yapange kwa malalamiko. Chukua daftari, ukurasa mmoja andika KUWASHA, mwingine BAKA JEUPE, mwingine MALENGELENGE, alafu kila ugonjwa uuandikie kile kitu kimoja kinachoutenga na wenzake.

Ukurasa wa baka jeupe ndo wenye hela, utulie hapo. Kuna ukoma, vitiligo, tinea vesikola na piteriasisi alba ya watoto. Ukoma baka limepauka lakini halijawa jeupe kabisa, na HALINA HISIA, unapima kwa pamba mgonjwa kafumba macho, alafu unapapasa neva ya alna pale kiwikoni kama imenenepa. Vitiligo rangi imeondoka kabisa, nyeupe kama chaki, hisia ziko sawa, magamba hakuna. Tinea vesikola ina vigamba vyepesi ukikwangua, inapenda kifua, mgongo na shingo, na inasababishwa na fangasi Malassezia, kwahiyo jina tinea lisikudanganye siyo ndugu wa tinea nyingine. Piteriasisi alba ni mashavuni kwa mtoto, mipaka haieleweki vizuri. Ukiulizwa ukoma ujue na hesabu: mabaka 1 mpaka 5 ni posibasilari (vimelea vichache), zaidi ya 5 ni maltibasilari (vimelea vingi), na kama neva imehusika au vimelea vimeonekana kwenye darubini unampeleka maltibasilari hata kama mabaka machache. Matibabu posibasilari miezi 6, maltibasilari miezi 12. Angalizo kwa wanaokomaa na pasti pepa, zile za zamani zinasema posibasilari anapewa dawa 2, lakini tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza zote 3 kwa wote, yaani rifampisini, dapsoni na klofazimini.

Kuwasha: mfalme ni upele wa kimdudu Sarcoptes scabiei. Unawasha zaidi usiku, unakaa katikati ya vidole, viwiko, kiuno, sehemu za siri, na nyumbani kuna mwingine anajikuna. Maksi nyingi zinapotea kwenye matibabu, mtu anaandika BBE (dawa ya kupaka ya benzili benzoeti) anafunga daftari, kumbe mwalimu anasubiri uandike familia nzima watibiwe siku moja hata wasiowashwa, nguo na mashuka yafuliwe, na umwambie mgonjwa kuwashwa kunaweza kuendelea wiki kadhaa baada ya dawa asije akajipaka kila siku mpaka ngozi ikaungua. Ivermektini ni mikrogramu 200 kwa kilo, mtu wa kilo 60 anapata miligramu 12, vidonge 4 vya miligramu 3, anarudia baada ya wiki 1 hadi 2, ila mjamzito na mtoto chini ya kilo 15 hapana.

Malengelenge ni rahisi ukiuliza maswali mawili, yako upande mmoja? na yako hatua moja? Mkanda wa jeshi unafuata dematomu moja (eneo la ngozi la neva moja) na hauvuki katikati ya mwili, kijana akiwa nao pima VVU. Tetekuwanga ina kila hatua kwa wakati mmoja, huku maji, huku gamba, na imejaa zaidi kifuani na mgongoni kuliko mikononi. Ndui ilikuwa kinyume, hatua moja, uso na mikono na miguu ndo inazidi (ilitangazwa kutokomezwa 1980, bado wanaiuliza). Mpox utaitenga na tetekuwanga kwa tezi kuvimba.

Yule mtoto wa mwanzo ni mapunye, tinea kapitisi, na jibu lao ni dawa ya kumeza, griseofulvini wiki 6 hadi 8, kwasababu krimu haifiki kwenye shina la nywele. Na huku mtaani kila kitu kinaitwa fangasi, mtu ananunua duka la dawa krimu yenye steroidi, choa inapoteza ile pete yake inasambaa, wakikuandikia hiyo historia jibu ni tinea inkognito.

Jambo lingine, rangi. Vitabu vingi vinasema wekundu, kwenye ngozi yetu wekundu unaonekana zambarau au kijivu au weusi uliokolea, au hauonekani kabisa na unabaki joto na maumivu ukigusa. Kwahiyo ukiwa rotesheni wodini tumia macho NA mkono. Kama uko Kaskazini na una nafasi ya kufika hospitali ya KCMC Moshi, pale kuna kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda tangu 1992, kesi za ngozi nyeusi utaziona nyingi siku moja kuliko notsi zote.

Hesabu ya kuungua moto msiiache. Kwa asilimia ya mwili, kichwa 9, kila mkono 9, kila mguu 18, kifua na tumbo 18, mgongo 18, sehemu za siri 1. Paklandi (fomula ya maji ya dripu) ni mililita 4 × kilo × asilimia iliyoungua, mtu wa kilo 70 aliyeungua 20% anapata mililita 5,600, nusu yake 2,800 ndani ya masaa 8 tangu AUNGUE siyo tangu afike, kwahiyo akifika masaa 2 yamepita unaiingiza kwa masaa 6.

Oski sasa, yaani mtihani wa vitendo. Nawa mikono, jitambulishe, omba ruhusa, omba mwanga wa kutosha, mfunue vizuri huku ukimsitiri, na ukimaliza ngozi angalia mdomoni, kucha na nywele. Mdomo haswa kama kaanza kotrimoksazoli au nevirapini karibuni na ngozi inabanduka, hapo vidonda vya mdomo na macho mekundu ni Stivensi-Jonsoni (mzio mkali wa dawa), na kitu cha kwanza kumwambia msahihishaji ni kwamba dawa inasimamishwa sasa hivi.